Dumu la chuma lililolishinda debe jangwani

Nyuma ya Land Rover na Land Cruiser nyingi za safari hufungwa dumu la chuma la lita 20 lenye mishikio mitatu. Umbo lake lilibuniwa Ujerumani mwaka 1937, na sasa linakaribia kutimiza miaka 90 likiwa karibu vilevile. Hata hivyo, wapo madereva wanaobeba petroli ya akiba katika madumu ya plastiki yaliyotoka na mafuta ya kupikia, wakisema chombo ni chombo. Historia ya dumu hili la chuma inawakatalia.

Mhandisi Vinzenz Grünvogel wa kiwanda cha Müller alichomelea pamoja pande mbili za chuma, akaweka mfuniko wa kubana kwa wenzo usiohitaji spana, njia ya hewa ili mafuta yasimwagike kwa kukwamakwama, na nafasi ya hewa juu ili petroli ikitanuka kwa joto isilipasue. Kwa mishikio mitatu, watu wawili hubeba dumu moja lililojaa, na mtu mmoja hushika mawili matupu kwa mkono mmoja. Katika Vita vya Pili vya Dunia, Waingereza wao waliingia jangwa la Afrika Kaskazini na debe la bati la lita 18, ndugu wa debe la mafuta ya taa tunalolijua. Lilivuja kwenye maungio, likapasuka malorini. Jenerali wao, Auchinleck, alikadiria kwamba asilimia 30 ya mafuta ilipotea njiani. Askari walilikata wakaligeuza jiko la chai. Walipoteka madumu ya adui waliyang'ang'ania, wakayaita jerikani, kutokana na "Jerry", jina lao la utani kwa Mjerumani.

Kisa kinachouma zaidi ni cha Paul Pleiss, mhandisi Mmarekani, kama alivyokiandika mhandisi wa kemia Richard Daniel mwaka 1987. Mwaka 1939 Pleiss alifunga safari kwa gari kutoka Berlin hadi India, na mwenzake Mjerumani akachukua madumu hayo matatu ya kubebea maji kutoka akiba ya uwanja wa ndege wa Tempelhof. Pleiss aliporudi Marekani akawaeleza wakubwa wa jeshi habari za dumu hilo, lakini hawakumsikiliza. Sampuli ilipofika hatimaye, wataalamu wa Marekani waliiga umbo na mishikio, lakini wakaondoa uchomeleaji, mfuniko wa wenzo na rangi ya ndani. Dumu lao likahitaji spana na faneli. Walinakili sura, wakaacha akili. Waingereza ndio waliolinakili lote.

Atatokea wa kusema kwamba ushindi katika vita hivyo uliletwa na viwanda na meli, si dumu. Ni kweli kwa sehemu, ila mafuta ya meli hizo yalifikaje kwenye kifaru? Rais Roosevelt wa Marekani mwenyewe alikiri mwaka 1944 kwamba bila madumu hayo majeshi yasingeivuka Ufaransa kwa kasi ile. Wengine watasema plastiki haishiki kutu. Hilo nalo ni kweli, na kwa maji inafaa sana. Lakini dumu la mafuta ya kupikia halikutengenezwa kuhimili petroli, wala mfuniko wake kuzuia mvuke.

Wewe unayejiandaa kwa safari ya porini, nunua dumu la petroli lenye mpira mzima kwenye mfuniko. Lijaze likiwa chini ardhini, kisha lifunge wima nje ya gari, kamwe si ndani walimoketi abiria.