Valvu, Betri na Kipuri Kilichopotea: Redio za Kale za Umatengo na Mwambao wa Nyasa

Historia ya redio katika Mbinga na mwambao wa Ziwa Nyasa ni, kwa sehemu kubwa, historia ya betri, kwa sababu redio ya valvu ilienea duniani katika nyakati ambazo milima ya Umatengo na vijiji vya ziwani, kuanzia Lituhi hadi Mbamba Bay, havikuwa na umeme wa kuiendesha. Fundi wa leo anayekabidhiwa redio ya aina hiyo ikiwa na vipuri pungufu hana budi kuifahamu historia hiyo kwanza, kwa kuwa nafasi iliyo wazi ndani ya kasha haijazwi kwa kubahatisha, bali kwa kujua kilichokuwepo kilifanya kazi gani.

Uzito wa habari kufika kwa wakati ulidhihirika mwambaoni humo kabla redio haijawadia. Mwezi Agosti 1914, meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann ilikuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo huko Liuli, bandari iliyoitwa Sphinxhafen na Wajerumani, na nahodha wake, Berndt, alikuwa hajapata taarifa kwamba nchi yake imeingia vitani na Uingereza. Waingereza wa Nyasaland walikuwa wamekwisha kuipata, na meli yao Guendolen, chini ya Rhoades, ikavuka ziwa na kuishambulia. Hawakuizamisha, bali waliondoka na sehemu za injini na za mzinga, na kwa upungufu huo mdogo chombo kizima kikawa hakifai, mpaka Waingereza wenyewe walipokuja kukikarabati na kukipa jina la King George.

Redio nayo hunyamaza kwa namna hiyohiyo. Moyo wa redio ya zamani ni valvu, yaani kitungi cha kioo kilichoondolewa hewa, ambamo uzi mwembamba wa metali hupashwa moto hadi utoe elektroni, nazo hukimbilia bamba lenye chaji chanya liitwalo anodi. John Fleming wa Uingereza alitengeneza valvu ya kwanza mwaka 1904, na miaka miwili baadaye Lee de Forest wa Marekani akaongeza wavu wa waya kati ya uzi na anodi. Badiliko dogo la volti kwenye wavu husababisha badiliko kubwa la mkondo wa umeme kwenye anodi, na hapo ndipo amplifaya, yaani kikuza mawimbi, ilipozaliwa.

Tanganyika ilianza kutangaza mwaka 1951 kupitia Sauti ya Dar es Salaam, iliyofuatwa na Shirika la Utangazaji la Tanganyika mwaka 1956 na Radio Tanzania mwaka 1965. Jirani, katika Rhodesia ya Kaskazini, kituo cha Lusaka kilitangaza kwa lugha kadhaa za Kiafrika, Kinyanja kikiwamo, ambacho husemwa pia kwenye fukwe za Ziwa Nyasa. Ofisa wa habari wa huko, Harry Franklin, aliishawishi kampuni ya Ever Ready ya Uingereza kutengeneza redio ya bei nafuu kwa watu wasio na umeme, na mwaka 1949 ikatoka redio ya valvu nne iliyofungwa ndani ya umbo la sufuria ya alumini, ikiuzwa pauni 5, na betri yake shilingi 25, ikidumu kwa takribani saa 300.

Redio za betri za miaka ya 1950 zilihitaji umeme wa aina mbili: volti 1.4 za kupasha nyuzi, na volti 90 hivi za anodi. Katika mpangilio wa Ulaya, majina ya valvu zake huanza na herufi D, inayomaanisha uzi wa volti 1.4, kwa hiyo fundi anayekuta soketi tupu huweza kuongozwa na majina ya valvu zilizosalia. Palipo na DK96 ya kubadili masafa, DF96 ya kukuza mawimbi na DAF96 ya kuyatoa mawimbi hayo sauti, inayokosekana kwa kawaida ni DL96, valvu ya mwisho inayosukuma spika kwa nguvu ya miliwati 200 hivi.

Kazi yenyewe huanza na kapasita, vipuri vinavyohifadhi chaji na kuzuia umeme wa mkondo mnyoofu usipite. Zile za karatasi na nta hufyonza unyevu na kuvujisha umeme, na ile iliyo kati ya DAF96 na wavu wa DL96 ikivuja, valvu ya mwisho huelemewa, betri huisha upesi na sauti hukwaruza. Hubadilishwa kwa kapasita za plastiki zenye kiwango kilekile, na mafundi wanaojali umbo la asili huificha mpya ndani ya ganda la ile ya zamani.

Transfoma ya sauti inapokosekana, hesabu ndiyo husaidia. DL96 huhitaji mzigo wa takribani ohm 13,000, ilhali spika ina ohm chache tu, na transfoma ndogo ya vipaza sauti vya honi vinavyotumia laini ya volti 100, kwenye ncha ya wati 0.75, huipa valvu mzigo wa karibu kiasi hicho. Betri ya volti 90 nayo hupatikana kwa kuunga betri ndogo kumi za volti 9 kwa mfululizo, huku jiwe moja kubwa la tochi likipasha nyuzi. Nyaya lazima zikaguliwe kwa mita kabla valvu hazijachomekwa, kwani volti 90 zikipotea njia na kuingia kwenye nyuzi, valvu zote nne huungua mara moja.

Transista, iliyovumbuliwa Marekani mwaka 1947, iliondoa haja ya betri hiyo kubwa, na tangu mwaka 1966 kiwanda cha Matsushita jijini Dar es Salaam kiliwaletea Watanzania redio na mawe yake. Mwaka 2018 njia ya kilovolti 220 kutoka Makambako iliifikisha Gridi ya Taifa Songea, lakini redio ya betri iliyofufuliwa Mbinga haiwezi kuchomekwa ukutani, wala haina masafa ya FM. Sauti ya simu ikipitishwa kwenye kapasita hadi wavu wa DAF96, amplifaya ileile huikuza, na taarifa ya habari ya leo husikika kwenye spika ya miaka ya 1950, ikiendeshwa na betri kumi zilizopangwa mstari mmoja ndani ya kasha la mbao.