Mizani ya Pamba na Paul Bomani

Mkulima wa Usukumani, katika miaka iliyofuata vita vikuu vya pili, alikuwa akiichukua pamba yake hadi kwa mnunuzi, ambaye aghalabu alikuwa Mhindi, akasimama mbele ya mizani asiyojua kuisoma, akatajiwa ratili chache kuliko alizobeba, na pamba yake safi ikaitwa fifi ili bei ishuke. Dhuluma hiyo ndiyo iliyomwinua Paul Bomani, naye, ajabu ni kwamba, hakuwa mtu wa jembe hata kidogo: alizaliwa Musoma mwaka 1925, mwana wa mchungaji wa Kisabato, akawa karani katika machimbo ya almasi ya Mwadui, kisha katibu wa ushirika wa wafanya biashara Waafrika wa Mwanza. Alichokuwa nacho ni hesabu, na hesabu ndiyo waliyoihitaji watu waliokuwa wamekwisha kuanza kuweka wapimaji wao wenyewe kando ya mizani ya wanunuzi.

Akazunguka vijijini akivikusanya vyama vidogo vidogo, akaenda Uingereza kusoma mambo ya ushirika, na mwaka 1955 kikasimama Chama Kikuu cha Ushirika cha Victoria, yeye akiwa meneja wake, ambacho kilipofika wakati wa uhuru kilikuwa kikinunua pamba ya Jimbo la Ziwa na kumiliki hata vinu vya kuichambulia. Na maadamu serikali ya kikoloni iliizuia TANU Usukumani tangu 1954 hadi 1958, mikutano ya ushirika ikawa ndiyo baraza ambamo watu walizoea kujitawala kabla ya kujitawala.

Wizara ya Kilimo aliyopewa mwaka 1960 hakukaa nayo sana; mwaka 1962 alikabidhiwa hazina. Lakini katika uchaguzi wa 1965 wapiga kura wa Mwanza, jirani wa wale wale aliowapigania, walimwangusha ilhali ni Waziri wa Fedha, na Mwalimu Nyerere akamrudisha barazani kwa uteuzi wake, amshughulikie mipango ya maendeleo. Nadhani waziri hutazamwa kwa kodi anazotoza, na ya kale husahauliwa upesi.

Mwaka 1976, serikali ilipovivunja vyama vikuu vyote vya ushirika, Bomani alikuwa balozi Marekani, na mkulima wa Usukumani akasimama tena mbele ya mizani isiyo yake.