Kiseyeye, Karafuu na Kijiti cha Mdaa: Historia ya Fizi za Watu wa Pwani

Januari mwaka 1498, merikebu za Vasco da Gama zilitia nanga katika mlango wa mto karibu na Quelimane, katika Msumbiji ya leo, zikakaa huko zaidi ya mwezi mmoja. Msafiri asiyejulikana kwa hakika jina lake, aliyeandika kumbukumbu za safari ile, anaeleza kwamba wenzake wengi waliugua: mikono na miguu ikavimba, na fizi zikaota hadi kuyafunika meno, wasiweze kula. Maradhi hayo Kiswahili kinayaita kiseyeye.

Mwezi Aprili merikebu hizo zikielekea kaskazini, mojawapo, São Rafael, ilikwama kwenye fungu la mchanga mkabala wa Mtangata, kati ya Tanga na mji wa Pangani. (Msomaji wa Kibaha asichanganye: Pangani hiyo ni ile ya mlango wa mto, mkoani Tanga, kata yetu ya Pangani nitaifikia.) Wenyeji wakaja na mitumbwi, mmoja umesheheni machungwa ambayo mwandishi yule anakiri kuwa ni bora kuliko ya kwao Ureno. Siku iliyofuata wakawa Mombasa, ambako mfalme naye aliwapelekea machungwa, malimau na miwa. Wagonjwa wakapona. Mwandishi akamshukuru Mungu, kisha akaisifu hali ya hewa ya Mombasa. Dawa alikuwa nayo mdomoni, sifa akaupa upepo.

Safari ya kurudi kutoka India ilichukua karibu miezi mitatu baharini, na watu wapatao 30 wakafa kwa maradhi yaleyale. Walipofika Malindi mwanzoni mwa Januari 1499, jambo la kwanza wagonjwa walilotamani lilikuwa machungwa. Yaliletwa, lakini wengi walikwisha kudhoofika mno na wakafa hapohapo. Mabaharia wenye nguvu walikuwa wachache kiasi kwamba São Rafael ilichomwa moto karibu na fungu lilelile la Mtangata, kwa kukosa watu wa kuiendesha. Ulaya ilihitaji karne tatu zaidi kulikubali jambo hili: James Lind alifanya jaribio lake la machungwa na malimau mwaka 1747, na jeshi la majini la Uingereza likaanza kuwagawia mabaharia wake maji ya malimau mwaka 1795.

Nimeanzia mbali makusudi. Katika kata ya Pangani hapa Kibaha, na katika vijiji vya Kisarawe, ushauri kuhusu fizi zinazotoka damu hupita kutoka kwa bibi kwenda kwa mjukuu, na siku hizi kutoka simu moja kwenda nyingine: sukutua maji ya chumvi, tafuna karafuu, chemsha majani ya mpera au ya mwarobaini, piga mswaki kwa kijiti cha mdaa. Mjadala wetu huwekwa kana kwamba kuna kambi mbili, ya asili na ya kisasa, na mwananchi hana budi kujiunga na mojawapo. Historia ya vitu hivyo vyenyewe inaukataa mgawanyo huo.

Tazama karafuu. Mti huu si wa kwetu. Asili yake ni visiwa vya Maluku, Indonesia, nao ulifika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19. Chini ya Seyyid Said mashamba yakatanuka Unguja na Pemba, na mikono iliyoyapanda, kuyapalilia na kuyachuma ilikuwa ya watumwa, wengi wao waliotolewa bara na kupitishwa katika bandari za mrima wetu. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangamiza sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, Pemba ikawa ndiyo nguzo ya zao hilo. Ndani ya karafuu mna mafuta yenye kemikali iitwayo yujino, ambayo hutia ganzi na kuua baadhi ya vijidudu. Madaktari wa meno wa Ulaya na Marekani waliichanganya na oksidi ya zinki wakapata dawa ya kuziba meno kwa muda, ambayo hadi leo hutumika katika kliniki nyingi. Kwa hiyo ile harufu inayomtisha mtoto anapoingia kwa daktari wa meno, harufu ya ukisasa, kwa sehemu kubwa ni harufu ya karafuu. Bibi anayeitafuna na daktari anayeikoroga wanachota katika chungu kimoja, tofauti ni kipimo na usafi.

Mwarobaini nao ni mgeni kutoka Bara Hindi, ila tumeupa jina la kwetu kwa kuamini kwamba unaponya maradhi 40. Mwaka 1994 Ofisi ya Hataza ya Ulaya iliipa kampuni ya W. R. Grace na Wizara ya Kilimo ya Marekani hataza juu ya matumizi ya mafuta ya mti huu dhidi ya kuvu wa mimea. Wanaharakati wa India walipinga, hataza ikafutwa mwaka 2000, na rufaa ikatupwa mwaka 2005. Sisi wenye mwarobaini katika kila ua wa Kibaha hatukuwa na sauti katika kesi ile.

Hata mswaki una historia katika jina lake. Neno lina asili ya Kiarabu, siwaki, na kwa karne nyingi lilimaanisha kijiti kilichotafunwa ncha hadi kikawa nyuzi. Kifaa cha plastiki kilipokuja kilirithi jina, na kijiti kikabaki kuitwa “mswaki wa mti”, kana kwamba ndicho mwigo. Huku Pwani mizizi ya mdaa, ileile inayotia ukili rangi nyeusi, imesafisha vinywa vingi kabla ya duka la kwanza kufunguliwa.

Serikali ya kikoloni haikuona haja ya kulishughulikia suala la fizi za Mwafrika, isipokuwa katika takwimu. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928 iliwatia mashakani waganga wengi ambao hawakuwa na uhusiano na uchawi, na huduma ya meno iliyofika wilayani, ilipofika, ilikuwa koleo la kung'olea. Baada ya uhuru hali haikubadilika haraka. Madaktari wetu wa meno walisomea ng'ambo hadi mafunzo yalipoanzishwa Muhimbili mwishoni mwa miaka ya 1970, na mpaka leo huduma ya meno kwa wananchi wengi maana yake ni kung'oa.

Wakati huohuo wataalamu wa kimataifa walikuwa wameshaamini kwamba ugonjwa mkali wa fizi ni hali ya jumla ya Waafrika, kwa sababu ya uchafu na ujinga. Dhana hiyo ilitikiswa na utafiti uliofanyika hapa Afrika Mashariki. Vibeke Baelum, Ole Fejerskov na wenzao walipima vinywa vya watu wazima Tanzania, kisha wakiwa na Firoze Manji wakapima watu wazima zaidi ya elfu moja wilayani Machakos, Kenya, na matokeo yakachapishwa mwaka 1986 na 1988. Walikuta ukoga na ugaga kwa wingi, na fizi nyingi zinazotoka damu. Lakini uharibifu mkubwa, ule unaoyalegeza meno, ulikuwa umekusanyika kwa watu wachache. Wakulima wasio na kliniki wala dawa ya meno walikuwa wamefika uzeeni na meno yao mengi. (Manji huyo ndiye baadaye aliyeanzisha jarida la Pambazuka, ambalo wasomaji wa safu kama hii wanalifahamu. Sishangai.)

Tafiti nyingine za miaka hiyo, kwa watoto wa shule wa Kenya na Tanzania, zilionyesha kwamba kijiti kikitumiwa vizuri huondoa ukoga kwa kiwango kinachokaribiana na cha mswaki wa dukani. Manji na wenzake walionyesha pia, mwaka 1990, kwamba maji ya mimea inayotumika Kenya kama miswaki huzuia, katika maabara, baadhi ya vimeng'enya vya vijidudu vinavyokula fizi. Nasisitiza: katika maabara. Kilicho na uhakika zaidi ni kazi ya mkono, yaani kusugua ukoga kila siku kabla haujawa mgumu. Ukishagandamana kuwa ugaga hakuna jani, chumvi wala karafuu itakayoubandua. Hukwanguliwa kwa chuma mkononi mwa mtu aliyesomea. Maji ya chumvi hutuliza uvimbe, karafuu huficha maumivu, na hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu maumivu yakifichwa ugonjwa huendelea kimyakimya hadi kwenye mfupa.

Wala si kila tiba ya nyumbani haina madhara. Katika miaka ya 1980, uchumi ulipoanguka na dawa kuadimika zahanati, ilienea nchini imani ya “meno ya plastiki”: mtoto mchanga akiharisha na kupata homa, vivimbe vyeupe kwenye fizi zake ndivyo huhukumiwa. Vivimbe hivyo ni chonge zinazojiandaa kuota. Wengine walizisugua fizi kwa majani, wengine wakazichimba kwa msumari au spoku ya baiskeli. Watoto walipoteza damu, wakapata maambukizi, na kuhara kulikokuwa kunawaua hakukutibiwa. Ndiyo maana sikubaliani na wanaolitamka neno “asili” kama cheti cha usalama.

Dola imejaribu kuweka utaratibu. Kitengo cha utafiti wa dawa za asili kilianzishwa Muhimbili mwaka 1974, kikawa taasisi kamili mwaka 1991. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, Na. 23 ya mwaka 2002, ikaunda baraza la kuwasajili waganga. Lakini sheria inamhusu mganga na dawa anayoiuza. Haimhusu mama wa Pangani anayechemsha majani jikoni mwake kwa kuwa nauli na gharama ya kukwanguliwa ugaga ni zaidi ya mauzo ya siku yake.

Kuna jambo la mwisho ambalo Wareno walituachia. Mkorosho waliuleta kutoka Brazil, ukaenea Pwani yote, Kisarawe na Kibaha zikiwemo. Bibo lake lina vitamini C mara kadhaa zaidi ya chungwa, ile ile ambayo mabaharia wa Malindi waliikosa. Msimu wa korosho hung'olewa kokwa, bibo likatupwa chini ya mti au likaenda kwenye mapipa ya gongo. Nayo misitu ya Pugu na Kazimzumbwi imekatwa kwa miongo mingi kwa ajili ya mkaa wa Dar es Salaam, na katika magunia yale vichaka vya dawa navyo huondoka. Anayetaka mzizi wa mdaa sasa anatembea mbali zaidi kuliko mama yake alivyotembea, na njiani anapita maduka mengi yanayouza soda.