Tabo au supachaja? Waulizeni Lancia na Audi

Wadau, kuna ubishi mmoja ambao hauishi vijiweni kwa wapenda magari. Mtu ana gari lake la spoti, anataka liongezewe nguvu. Je, afunge tabo au afunge supachaja? Hapo ndipo kelele zinapoanza. Huyu anaapa kwa tabo, yule anasema tabo ni ugonjwa wa moyo, mwingine ana binamu yake aliyefunga supachaja na gari likaruka kama swala.

Leo sitaki kuingia kwenye ubishi huo mikono mitupu. Nataka twende kwenye historia, maana swali hili lilishaulizwa na watu wenye fedha, wahandisi waliobobea na madereva bora kabisa duniani. Wakalijibu hadharani, kwenye lami, vumbi na theluji, mwaka 1983. Na waliyoyafanya baada ya hapo yaliishia kwenye misiba.

Kwanza tuelewane. Injini ni mlaji wa vitu viwili, mafuta na hewa. Kuongeza mafuta ni kazi rahisi, hewa ndiyo shida. Pistoni ikishuka inavuta hewa kiasi cha nafasi iliyopo, basi. Ukitaka zaidi itakubidi uisukume kwa nguvu. Tabo na supachaja zote mbili ni pampu za kusukuma hewa ndani ya silinda. Tofauti yao ni nani anayeizungusha hiyo pampu.

Supachaja inazungushwa na injini yenyewe, mara nyingi kwa belti. Ukikanyaga mafuta, injini inazunguka, pampu nayo inazunguka papo hapo. Hakuna kusubiri. Lakini hakuna cha bure: nguvu ya kuizungusha pampu inakatwa kutoka kwenye injini ile ile unayotaka kuisaidia. Ni kama mtu anayekukopesha huku akichukua riba kabla hujaondoka mlangoni.

Tabo haigusi belti. Inazungushwa na moshi unaotoka kwenda kwenye ekzosi. Takriban theluthi moja ya nishati ya mafuta huwa inapotelea huko kama joto na moshi, kwa hiyo tabo inaokota kilichokuwa kinatupwa. Inaweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Tatizo ni kwamba moshi ukiwa mdogo, tabo imelala. Unakanyaga, unasubiri, unasubiri tena, halafu ghafla nguvu zote zinakuja kwa mkupuo. Kwenye barabara iliyonyooka utacheka. Katikati ya kona ni habari nyingine.

Hivi vitu si vya jana. Pampu ya ndugu wawili wa Indiana, Marekani, Philander na Francis Roots, ilipata hataza mwaka 1860, na kazi yake haikuwa magari kabisa. Ilikuwa ya kupuliza hewa kwenye viwanda na matanuru. Mwaka 1923 Fiat ilishinda Grand Prix ya Italia kwa gari lenye supachaja, na tangu hapo hadi Vita Kuu ya Pili magari makubwa ya mashindano yalikuwa yakipiga mluzi wa supachaja.

Tabo nayo ni ya Mswisi Alfred Büchi, aliyepata hataza yake mwaka 1905. Mwaka 1918 Mmarekani Sanford Moss aliibeba injini ya ndege yenye tabo hadi juu ya mlima Pikes Peak, zaidi ya mita 4,000, kuthibitisha kwamba hewa ikiwa nyepesi tabo inaweza kurudisha nguvu iliyopotea. Likumbukeni jambo hilo, tutalirudia tukifika Nairobi. Kwenye magari ya kawaida ya kuuzwa tabo ilichelewa sana, ilianzia Marekani mwaka 1962 kwa Oldsmobile na Chevrolet. Porsche 911 Turbo ilioneshwa mwaka 1974, na mwaka 1979 Stig Blomqvist alishinda rali ya Sweden na Saab 99 Turbo, ushindi wa kwanza wa tabo katika rali za ubingwa wa dunia.

Basi ikaja Audi. Mwaka 1980 huko Geneva walionesha gari linaloitwa Quattro: injini ya silinda tano, tabo, na magurudumu yote manne yanavuta. Wengi waliona gari zito la kubeba viazi. Mwaka 1981 Hannu Mikkola akashinda nalo Sweden, na mwaka huo huo Michèle Mouton akashinda Sanremo, mwanamke wa kwanza kushinda rali ya ubingwa wa dunia. Mwaka 1982 Audi wakachukua ubingwa wa watengenezaji. Watu wakaacha kucheka.

Sasa jiweke kwenye viatu vya Lancia na wenzao wa Abarth kule Turin. Sheria mpya za Kundi B zimeingia mwaka 1982: tengeneza magari 200, halafu fanya karibu lolote unalotaka. Mpinzani wako ana tabo na magurudumu manne. Utafanyaje? Wengi tungeiga. Lancia hawakuiga. Walijenga gari jepesi, injini katikati, linalosukumwa na magurudumu ya nyuma tu, na kwenye injini ya lita 2 wakafunga supachaja. Gari hilo linaitwa Rally, lakini dunia inalijua kwa namba ya mradi wake, 037.

Kwa nini supachaja? Angalieni sheria ilivyokuwa. Injini yoyote ya kusukumiwa hewa, iwe kwa tabo au supachaja, ujazo wake ulizidishwa kwa 1.4 ndipo ipangiwe daraja na uzito wa chini. Sheria haikumpendelea mtu. Kwa hiyo Lancia walichagua kwa sababu moja kubwa: utii. Rali ni kona baada ya kona. Dereva anataka mguu wake ukigusa pedali gari lijibu sasa hivi, si baada ya sekunde moja. Gari la barabarani lilikuwa na farasi 205, la mashindano likafika zaidi ya 300. Audi walikuwa na zaidi ya hapo, lakini gari lao lilikuwa zito na injini imening'inia mbele kabisa, na tabo yake ilikuwa inamtaka dereva abashiri. Madereva wa Audi walijifunza kukanyaga breki kwa mguu wa kushoto huku wa kulia ukiendelea kubana mafuta, ili tabo isilale.

Mwaka 1983 ukawa mtihani. Januari, Monte Carlo, Walter Röhrl wa Lancia wa kwanza, Markku Alén wa Lancia wa pili. Mikkola akajibu Sweden na Ureno. Corsica, kisiwa cha kona za lami, Lancia walichukua nafasi nne za kwanza! Röhrl akashinda Ugiriki na New Zealand, Mikkola akashinda Argentina na Finland. Mwezi Oktoba huko Sanremo, nyumbani kwao, Lancia wakachukua nafasi tatu za kwanza na kombe likawa lao. Mwisho wa hesabu: Lancia pointi 118, Audi 116. Pointi mbili tu! Ubingwa wa madereva ulikwenda kwa Mikkola wa Audi. Tangu hapo hakuna tena gari la kuvuta magurudumu mawili lililotwaa ubingwa wa watengenezaji.

Kwa hiyo supachaja ilishinda? Subirini kwanza.

Kwenye rali 12 za mwaka huo, Lancia walishinda tano na Audi tano. Mbili zilizobaki zote zilikuwa Afrika, na hakuna kati yao aliyeshinda hapo. Safari Rally ya Kenya ilichukuliwa na Ari Vatanen na Opel Ascona 400, gari lisilo na tabo wala supachaja. Ivory Coast ikachukuliwa na Björn Waldegård na Toyota Celica Twincam Turbo. Hiyo Celica ilikuwa na tabo, lakini ilivuta kwa magurudumu ya nyuma tu, na Ulaya hakuna aliyeihofia sana. Afrika ilikuwa simba. Ilishinda Safari miaka mitatu mfululizo, 1984 na Waldegård, 1985 na Juha Kankkunen, 1986 na Waldegård tena.

Hapa ndipo tunapomkumbuka yule Moss na mlima wake. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa kati ya asilimia 15 na 20 ukilinganisha na Mombasa. Supachaja imefungwa kwa belti, inazunguka kadiri injini inavyozunguka, haijui kama uko ufukweni au mlimani. Tabo inaweza kuzunguka haraka zaidi na kufidia. Tena Safari ya enzi hizo haikuwa kona za Corsica, ilikuwa maelfu ya kilomita za vumbi, tope na mawe. Kule kuchelewa kwa tabo si hoja kubwa. Hoja ni nani atafika. Ndiyo maana nasema ukimuuliza mtu wa Corsica na mtu wa Nakuru watakupa majibu mawili, na wote watakuwa wakweli.

Turudi Ulaya. Mwaka 1984 supachaja ilianza kufika ukingoni. Lancia waliongeza ujazo wa injini, wakafika kama farasi 325, na hapo ukuta. Kila farasi mpya uliyemtaka, pampu ilikuwa inadai chakula chake kwanza. 037 ilishinda rali moja tu ya dunia mwaka huo, Corsica. Peugeot walikuja na 205 Turbo 16, gari dogo lenye tabo na magurudumu manne, na mwaka 1985 wakawa mabingwa na gari lenye zaidi ya farasi 400. Mwaka huo huo, tarehe 2 Mei, Attilio Bettega wa Lancia alikufa ndani ya 037 huko huko Corsica.

Lancia wakafanya kile ambacho kila kijana kijiweni huwa anakitania: wakafunga vyote viwili. Delta S4 ilikuwa na injini ya sentimita za ujazo 1,759 tu. Chini, injini ikizunguka taratibu, supachaja ndiyo inayosukuma. Juu, moshi ukitosha, tabo inapokea kazi na supachaja inapumzishwa. Udhaifu wa huyu unafunikwa na nguvu ya yule. Karibu farasi 500 kwenye gari lisilofika tani moja! Ilipoingia rali ya Uingereza Novemba 1985, Henri Toivonen alishinda nayo siku ya kwanza kabisa. Januari 1986 akashinda Monte Carlo. Lakini angalieni: Safari ya mwaka huo Lancia hawakuileta S4. Walimpa Alén ile 037 ya zamani, akamaliza wa tatu. Hata wenyewe walijua kila barabara ina gari lake.

Swali la wahandisi lilikuwa limejibiwa. Lililobaki ni la binadamu. Mwezi Machi huko Ureno Ford moja iliwaparamia watazamaji waliojaa barabarani, watatu wakafa. Tarehe 2 Mei 1986, mwaka mmoja kamili baada ya Bettega, Toivonen na navigeta wake Sergio Cresto walitoka barabarani Corsica. Gari liliwaka moto, wote wawili wakafa. Toivonen alikuwa na miaka 29. Haukupita muda FISA ikatangaza kwamba magari ya Kundi B yatafutwa baada ya msimu huo.

Sisemi tabo iliwaua wala supachaja. Nasema kwamba kwa miaka minne wahandisi walihangaika kuondoa ile sekunde moja ya kusubiri, na walipoiondoa wakawa wameondoa pia nafasi ya mwisho ya mtu kufikiri.

Wazo la kufunga vyote viwili halikufa. Nissan waliliweka kwenye kigari kidogo cha March, ile Super Turbo ya 1989, na Volkswagen kwenye Golf mwaka 2005. Lakini ni ghali na fundi atakulaani. Walio wengi wamekwenda kwenye tabo, kwa sababu inabana matumizi ya mafuta na kuchelewa kwake kumepungua sana.

Sasa wewe uliye na gari lako la spoti, jiulize kwanza utaliendesha wapi. Kama ni mjini na kwenye kona, unataka gari litii mguu, supachaja haijawahi kuwa ujinga. Kama unaishi nyanda za juu, safari ndefu, unahesabu mafuta, tabo ina hoja nzito. Na chochote utakachofunga, breki na matairi vije kabla yake, si baada. Abarth walikuwa na wahandisi wa kutosha na bado iliwashinda. Wewe na fundi wako wa chini ya mwembe msijifanye mnajua zaidi.

Haya wadau, ubishi uendelee.