Futari ya Minneapolis: kati ya jua na saa ya kazi

Katika pwani ya Afrika Mashariki saa ya futari haina utata. Mwaka mzima jua huzama baina ya saa kumi na mbili na saa moja, na mwenye kufunga hufuturu karibu wakati ule ule kila Ramadhani. Sivyo ilivyo Minneapolis na Saint Paul, miji pacha ya jimbo la Minnesota, Marekani. Huko jua huzama saa kumi na nusu alasiri mwezi Desemba, na baada ya saa tatu usiku mwezi Juni.

Mwishoni mwa karne ya 19 mtaa wa Cedar-Riverside ulikaliwa na wahamiaji kutoka Skandinavia. Kwa watu wa mashambani mlo mkuu ulikuwa wa mchana. Kazi ya mshahara mjini, uliotia fora duniani kwa kusaga unga wa ngano kuanzia 1880 hadi 1930, iliusogeza mlo huo hadi jioni, familia inapokutana baada ya kazi. Saa ya mwajiri ikachukua nafasi ya jua.

Baada ya serikali ya Somalia kuanguka mwaka 1991, mtaa huo huo ulipokea Wasomali. Kwao, tende na sambusa za magharibi ya Ramadhani ni hitimisho la ibada, na ibada hiyo haifuati ratiba ya mwajiri.

Mvutano ulidhihirika katika ghala la Amazon huko Shakopee, kitongoji cha miji hiyo. Mwaka 2018 Ramadhani iliangukia Mei na Juni, siku zikiwa ndefu, na wafanyakazi wa Kisomali wakadai kasi ya kazi ipunguzwe kwa waliofunga. Desemba waliandamana, na Julai 2019 baadhi yao wakagoma kwa saa kadhaa. Kampuni ilisema inawapa nafasi ya kusali.

Nje ya kazi, mji uliwasikiliza. Ramadhani ya 2020, janga la korona lilipowazuia watu kukusanyika, adhana ilisikika Cedar-Riverside kwa vipaza sauti. Mwaka 2023 baraza la mji liliruhusu adhana zote tano.

Mwezi mwandamo hautasubiri waajiri. Januari 2030 Ramadhani itaanza jua likizama kabla ya saa kumi na moja, wafanyakazi wengi wa mchana wakiwa bado kazini. Hapo hawatadai tena kupunguziwa kasi, bali dakika chache za kula tende na kunywa maji.