Wandsbek: Kasri la kabaila lililojengwa upya kwa mali ya utumwa

Mjadala wa kufuta majina ya mitaa yenye kumbukumbu za utumwa na ukoloni haujapoa mjini Hamburg, Ujerumani. Miongoni mwa majina yanayobishaniwa ni la Heinrich Carl Schimmelmann, ambalo lilipewa mitaa wilayani Wandsbek. Huyu ndiye aliyekuwa mmiliki maarufu kuliko wote wa kasri la Wandsbek na ardhi zake. Historia yake inatuhusu Waafrika moja kwa moja.

Wandsbek inatajwa katika maandishi tangu 1296. Mwaka 1564 ilinunuliwa na Heinrich Rantzau, mwakilishi wa mfalme wa Denmark katika jimbo la Holstein, naye akajenga kasri lililozungukwa na maji. Mwanafalaki Tycho Brahe alipewa hifadhi humo mwaka 1597. Makabaila wa Holstein walilimiwa na wakulima waliofungwa kwenye ardhi ya bwana, mfumo uliofutwa mwaka 1805.

Schimmelmann hakuzaliwa kabaila. Alizaliwa mwaka 1724 huko Demmin, mtoto wa mfanyabiashara. Utajiri wake ulitoka vitani: katika Vita vya Miaka Saba aliliuzia jeshi la Prussia mahitaji yake, kisha akafaidi kwa kuuza vyombo vya kauri vya Meissen ambavyo jeshi hilo liliviteka. Mwaka 1759 alinunua kasri la Ahrensburg, na mwaka 1762 akanunua Wandsbek. Denmark ikamkabidhi hazina yake na kumpa ubaroni.

Mwanahistoria Christian Degn, katika kitabu chake cha mwaka 1974 kuhusu ukoo huo, anaonyesha kuwa mali ya Schimmelmann haikuishia Holstein. Mwaka 1763 alinunua kutoka kwa serikali ya Denmark mashamba ya miwa na pamba katika visiwa vya Karibi, likiwemo La Grange kisiwani St. Croix. Watu takriban elfu moja walifanyishwa kazi humo kwa lazima, nao walihesabiwa kama mali yake.

Mzunguko wa biashara yake ulikamilika. Vitambaa vya pamba vilichapwa Wandsbek, na bunduki zilitoka kiwanda chake cha Hellebæk nchini Denmark. Bidhaa za aina hiyo zilipelekwa pwani ya Ghana ya leo, ambako Wadenmark walikuwa na ngome ya Christiansborg, na huko zikabadilishwa na watu. Watu hao walivushwa Atlantiki, na sukari ikarudi Copenhagen kusafishwa. Katika kila hatua Schimmelmann alipata fungu lake. Ndipo katika miaka ya 1770 akalijenga upya kasri la Wandsbek.

Hata hivyo, ukweli ulipenya hapo hapo mlangoni kwake. Gazeti la *Der Wandsbecker Bothe* lilianzishwa kwa msaada wake, na mhariri wake alikuwa mshairi Matthias Claudius. Mwaka 1773 Claudius alitoa shairi linalozungumza kwa sauti ya Mwafrika anayeteseka katika shamba la miwa. Kwa hiyo hoja kwamba watu wa zama zile hawakujua uovu wa utumwa haina msingi.

Schimmelmann alifariki mwaka 1782. Mwanawe Ernst, akiwa waziri wa fedha wa Denmark, ndiye aliyesukuma amri ya mwaka 1792 ya kupiga marufuku biashara ya watumwa kuanzia 1803. Hata hivyo, mashamba ya ukoo hakuyaacha. Watumwa wa visiwa vya Karibi vya Denmark walipata uhuru mwaka 1848, baada ya kuinuka wenyewe na kuudai.

Kasri nalo lilivunjwa mwaka 1861, baada ya mfanyabiashara wa viwanja Carstenn kununua ardhi na kuikatakata kwa ajili ya majumba ya matajiri. Kilichosalia ni kaburi la kifahari karibu na kanisa, lenye majeneza ya marumaru ya Schimmelmann na mkewe Caroline.

Ugomvi mkubwa ulizuka mwaka 2006. Viongozi wa wilaya walisimamisha sanamu ya kichwa na mabega ya Schimmelmann katika bustani ya umma, kama mtu aliyeistawisha Wandsbek. Watu weusi waishio Hamburg na wenzao walikuja juu: vipi mfanyabiashara wa binadamu atukuzwe katika karne ya 21? Sanamu ikamwagiwa rangi nyekundu. Watetezi walisisitiza maendeleo aliyoyaleta, wapinzani wakauliza nani aliyalipia. Mwaka 2008 sanamu iliondolewa, na waliopinga walistahili ushindi huo.

Katika wilaya hiyo hiyo, eneo la Jenfeld, zimesimama sanamu za ukutani za askari na wapagazi wa Afrika Mashariki, zilizochongwa zama za Wanazi kwa ajili ya kambi iliyopewa jina la Lettow-Vorbeck, jenerali aliyeongoza jeshi la Ujerumani Afrika Mashariki katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwaka 2003 mahali hapo palifunguliwa kwa jina la Bustani ya Tanzania, nako kukawa na malalamiko. Wapagazi wetu walikufa kwa maelfu katika vita vya jenerali huyo, lakini sanamu zinawaonyesha kama wafuasi watiifu.

Kubadili kibao cha mtaa hakutoshi. Wandsbek iwaandike waliolipia fahari yake, palepale penye jina la bwana. Nasi Watanzania tusiwaachie Wajerumani peke yao kuamua namna wapagazi wetu watakavyokumbukwa Jenfeld. Hilo ni jambo la ubalozi wetu, wanahistoria wetu na vyuo vyetu, na muda wa kulisema ni sasa mjadala ukiwa bado wazi.