Mpiga Saksafoni na Mwalimu wa Muziki: Taaluma Inayosimama kwa Darasa

Wakazi wengi wa Mpanda na Mkoa wa Katavi huifahamu saksafoni kwa njia ya redio, ndani ya nyimbo za dansi za zamani. Wanamuziki wa Tanzania huiita mdomo wa bata. Mwili wake ni wa shaba iliyochanganywa na zinki, lakini sauti yake huanzia kwenye tete linalotetemeka mdomoni, kama ilivyo kwa zumari.

Mwasisi wake, Adolphe Sax, mzaliwa wa Dinant nchini Ubelgiji, alipewa hataza ya ala hiyo jijini Paris mwaka 1846. Mwaka 1857 alianza kuwafundisha wanajeshi katika chuo kikuu cha muziki cha jiji hilo, hadi darasa lilipofungwa mwaka 1870, wakati wa vita kati ya Ufaransa na Prussia. Halikufunguliwa tena mpaka mwaka 1942. Kwa miaka 72 ala ilikuwepo, wapigaji walikuwepo, lakini chuo hicho hakikuwa na darasa lake.

Aliyekabidhiwa darasa hilo ni Marcel Mule, aliyezaliwa mwaka 1901 na kufundishwa saksafoni na baba yake. Alijiunga na bendi ya kijeshi ya Garde Républicaine mwaka 1923, akaunda kundi la wapiga saksafoni wanne mwaka 1928, kisha akafundisha hadi mwaka 1968. Alifariki mwaka 2001 akiwa na umri wa miaka 100. Mtindo wa kupiga saksafoni katika muziki wa okestra umeenea duniani kwa sehemu kubwa kupitia wanafunzi wake.

Hapa nchini, jina la kutajwa ni Michael Enoch wa Dar es Salaam Jazz na baadaye Mlimani Park Orchestra, bendi iliyoanzishwa mwaka 1978. Alimudu gitaa na saksafoni, na wenzake wakamwita “Ticha”. Hakuwa mwalimu wa darasani. Shule yake ilikuwa mazoezi ya bendi. Bendi nyingi za wakati huo zilimilikiwa na mashirika ya umma, jumuiya na majeshi, ambayo yaliwalipa wanamuziki mshahara na kumiliki vyombo. Utaratibu huo ulikuwa na kasoro iliyo wazi: mpigaji aliyeacha kazi aliacha na saksafoni. Ufadhili ulipopungua, kinanda cha umeme kikachukua nafasi ya wapulizaji katika bendi nyingi, na vijana wakakosa pa kujifunzia.

Kwa kijana wa Katavi, mwanzo wa kawaida ni kwaya, ambako hujifunza solfa. Solfa humjengea sikio, ila taaluma hii humtaka asome pia nota za mistari mitano. Masomo ya muziki hutolewa na Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (TaSUBa), iliyoanza kama chuo cha sanaa mwaka 1981, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Zanzibar kipo chuo cha muziki cha nchi za jahazi, DCMA, tangu mwaka 2002. Vyote viko upande wa pili wa nchi. Kwa reli, msafiri kutoka Mpanda hupita kwanza kilomita 210 hadi Kaliua, kisha Tabora.

Kabla ya kuomba nafasi, mwombaji aulize kama chuo kina saksafoni ya kumwazima na mkufunzi wa ala za kupuliza. Akadirie pia gharama ya matete, kwani tete moja huchakaa ndani ya wiki chache za mazoezi.